Cheo cha Ukurasa na Swali la Ubora

Algoriti ya injini ya utafutaji inapobadilishwa, ukurasa uliokuwa wa tatu katika orodha ya majibu unaweza kuamkia wa arobaini bila herufi hata moja ndani yake kuguswa. Maneno ni yale yale, picha ni zile zile, mwandishi ni yule yule. Kilichogeuka ni hukumu juu yake. Hapo huzuka swali ambalo wahandisi hulikwepa na wenye tovuti hulilalamikia bila kulitaja: je, hukumu ya jana ndiyo iliyokuwa kosa, au ya leo, au hakuna kosa popote kwa kuwa cheo si jambo la kweli wala la uongo? Kila jibu kati ya hayo matatu lina falsafa yake, na kila moja lina watu wanaolitegemea kwa riziki.

Mfumo wenyewe ulianza kama nadharia ya ushahidi. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha makala iliyoeleza injini waliyoiita Google na kanuni yake ya PageRank. Injini nyingi za wakati ule zilitegemea zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa, yaani zilimwamini mwenye ukurasa kwa alilosema juu yake mwenyewe. Page na Brin waligeukia yaliyosemwa na wengine. Kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine walikichukua kuwa kauli ya kwamba huko kuna kitu kinachofaa kusomwa, na kiungo kitokacho kwenye ukurasa wenye heshima wakakipa uzito kuliko kitokacho kwenye ukurasa usiojulikana. Heshima ya ukurasa huo nayo hutokana na viungo vinavyouelekea, na mzunguko huo hutatuliwa kwa hesabu. Hufikiriwa msomaji asiye na mpango, anayebofya kiungo baada ya kiungo, na mara nyingine huchoka akarukia ukurasa mwingine wowote. Uwezekano wa yeye kuendelea kubofya kwa kawaida uliwekwa kuwa 0.85. Kurasa ambazo msomaji huyo hujikuta mara nyingi zaidi ndizo hupanda. Wazo hilo lilikuwa na ndugu yake katika maktaba: Eugene Garfield alikuwa amependekeza tangu mwaka 1955 faharasa ya manukuu ya kisayansi, inayoonyesha makala gani imetajwa na nani.

Waislamu waliosoma elimu ya hadithi hawatashangazwa na mpango huu, wala na udhaifu wake. Wanazuoni wa hadithi, na Bukhari aliyefariki mwaka 870 akiwa miongoni mwa wakubwa wao, walijua kwamba habari hupata nguvu kwa mlolongo wa wapokezi na kwa wingi wa njia zake. Lakini walijua pia kwamba mzushi anaweza kutunga mlolongo mzima, mrefu na wa kupendeza. Kwa hiyo waliweka juu ya mlolongo elimu nyingine, ya kumchunguza mpokezi mmoja mmoja: uadilifu wake, kumbukumbu yake, kama aliwahi kweli kukutana na yule anayedai kupokea kwake, kama alikuwa na maslahi katika jambo analolipokea. PageRank ilikuwa na mlolongo bila elimu ya wapokezi. Ilijua nani kamtaja nani, haikujua kwa nini. Kiungo cha sifa, cha tusi, cha urafiki na cha kununuliwa vyote vilihesabiwa kwa mizani moja. Kuanzia mwaka 2003 wachokozi walionyesha hilo kwa mzaha wa kisiasa: waliunganisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kushindwa vibaya na wasifu wa Rais George W. Bush, na injini ikautoa wasifu huo kama jibu la kwanza. Ilichukua hadi Januari 2007 kwa Google kurekebisha algoriti ili mizaha ya aina hiyo isifanye kazi.

Udhaifu wa pili haukuhitaji mchokozi yeyote. Mwanasosholojia Robert Merton aliandika mwaka 1968 jinsi wanasayansi mashuhuri wanavyopewa sifa kuliko wenzao wasio na jina kwa kazi inayolingana, akaupa mwelekeo huo jina kutokana na Injili ya Mathayo, mahali panaposemwa juu ya aliye nacho kuongezewa. Ukurasa ulio juu huonekana, unaoonekana huunganishwa, uliounganishwa hubaki juu.

Yote haya yangekuwa mambo ya darasani kama cheo kisingekuwa na thamani ya fedha. Mara tu kilipoanza kuleta wateja, ilizaliwa kazi ya kurekebisha tovuti ili zipande, kazi ambayo wenye kuifanya huiita kwa herufi tatu, SEO. Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart alikuwa ameeleza mwaka 1975, akizungumzia sera ya fedha, kwamba uhusiano wa kitakwimu huvunjika unapotumiwa kama chombo cha kudhibiti. Viungo vilikuwa ishara nzuri ya ubora kwa muda ule tu ambao watu waliviweka bila kufikiria injini. Baada ya hapo vilinunuliwa, vilibadilishanwa, na mitandao mizima ya tovuti ilijengwa kwa kazi moja ya kutajana. Kwa hiyo mabadiliko ya algoriti si ajali inayoupata mfumo mara kwa mara. Ni sharti la uhai wake, kwa kuwa kila kipimo huanza kuoza siku kinapojulikana.

Novemba 2003 lilikuja sasisho lililopewa na watu wa SEO jina la Florida, na wauzaji wengi wa mtandaoni wakapoteza nafasi zao wiki chache kabla ya Krismasi. Februari 2011 likaja Panda, ambalo Google ilisema limegusa asilimia 11.8 ya maswali yanayoulizwa nchini Marekani. Walengwa walikuwa viwanda vya makala: kampuni zilizowalipa waandishi fedha kidogo kwa makala nyingi, zilizoandikwa kwa sababu kuna mtu aliuliza swali na si kwa sababu kuna mtu aliyejua jibu. Aprili 2012 Penguin ilikuja kwa wanunuzi wa viungo, ikagusa takriban asilimia 3.1 ya maswali ya Kiingereza. Baadaye mabadiliko yalikuwa mengi mno kiasi cha kutostahili kila moja jina. Google yenyewe husema hufanya maelfu kila mwaka, mengi yakiwa madogo.

Panda ndiyo yenye mafunzo zaidi kwa swali hili, kwa sababu ya jinsi ilivyotengenezwa. Wahandisi hawakuanza na hesabu. Waliwapa watu kurasa wazisome, kisha wakawauliza, miongoni mwa mengine, kama wangeiamini tovuti ile kwa namba ya kadi yao ya benki, au kama wangempa mtoto wao dawa kwa kufuata ushauri wake. Baada ya kupata majibu ndipo walipotafuta alama za kimitambo zinazozitenga kurasa zilizoaminiwa na zile zilizotiliwa shaka. Hadi leo Google hutumia watathmini wa kibinadamu wanaofuata mwongozo wa kurasa zaidi ya 150. Alama wanazotoa hazipandishi wala kushusha ukurasa wowote moja kwa moja. Hutumika kuamua kama mabadiliko yanayopendekezwa yameleta majibu bora au mabaya. Maana yake ni kwamba algoriti hupimwa kwa kitu kilicho nje yake. Kuna ubora unaotangulia cheo, na cheo ni jaribio la kuufikia.

Hapa mjadala unakanyaga ardhi ya kale sana. Katika majadiliano ya Plato yanayoitwa Euthyphro, Sokrates anamuuliza mwenzake kama jambo takatifu hupendwa na miungu kwa kuwa ni takatifu, au ni takatifu kwa kuwa hupendwa na miungu. Wanatheolojia wa Kiislamu walilijadili swali la jamii hiyo kwa namna yao. Muutazila walishikilia kwamba uzuri na ubaya wa tendo umo ndani ya tendo lenyewe, na akili inaweza kuutambua hata kabla ya kufika ufunuo. Wafuasi wa Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki katika karne ya 10, walijibu kwamba tendo huwa jema kwa kuwa Mwenyezi Mungu ameliamrisha, wala hakuna kipimo kilicho juu yake cha kumhukumu nacho. Itikadi hiyo ya pili ndiyo iliyozoeleka miongoni mwa wanazuoni wa Kishafii wa pwani ya Afrika Mashariki.

Mtaalamu wa SEO anayeamka kila asubuhi akiuliza Google inataka nini sasa, kwa vitendo amekwisha kuchagua upande: ukurasa bora ni ule unaopandishwa, basi. Lakini ufanano huu una kikomo, na kikomo chenyewe kinafundisha. Katika theolojia mwenye kuamrisha hakosei. Hata naskhi, yaani hukumu moja kuondolewa na nyingine, wanazuoni hawakuihesabu kuwa kosa lililosahihishwa. Injini ya utafutaji hubadilisha kanuni kwa sababu tu kanuni ya jana imeshindwa. Kila sasisho ni ungamo la kwamba kuna kipimo juu ya mtunga kanuni, na kwamba mtunga kanuni alikikosa. Mwenye kufuata amri ya mtoaji wa namna hiyo kama mtu anayefuata amri isiyo na juu yake amejiweka mahali pabaya: anatii kitu ambacho mwenyewe hukiri kuwa hakijafika.

Mambo hugeuka penye mahakama. Mwaka 2002 kampuni ya Search King ya jimbo la Oklahoma, iliyokuwa ikiwaunganisha watangazaji na tovuti zenye alama za juu za PageRank, iliona alama zake zikishushwa, ikaishtaki Google. Mwaka 2003 mahakama ya shirikisho iliitupa kesi kwa hoja kwamba alama ya PageRank ni maoni kuhusu umuhimu wa tovuti, kwamba maoni ya namna hiyo hayawezi kuthibitishwa kuwa ya uongo, na kwamba yanalindwa na uhuru wa kujieleza katika Katiba ya Marekani. Basi injini ina sauti mbili. Inapowaeleza watumiaji kwa nini imebadilika, husema inakaribia ubora ulioko. Inaposhtakiwa na aliyeshushwa, husema ilitoa maoni tu. Mwanasheria ataona ni mkakati wa kawaida. Kifalsafa, kauli hizo mbili haziwezi kusimama pamoja: kama cheo kinaweza kusahihishwa, kinaweza pia kukosea, na kinachoweza kukosea kinaweza kumdhulumu mtu.

Je, kushushwa ni dhuluma? Lon Fuller, mwanafalsafa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Harvard, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1964 kisa cha mfalme wa kubuni anayeshindwa kutunga sheria kwa njia nane. Miongoni mwazo: sheria zake hazitangazwi, hurudi nyuma kuadhibu yaliyokwisha kutendwa, hubadilika kila mara kiasi kwamba raia hawezi kupanga maisha yake, na wanaozisimamia hawatendi kama zilivyoandikwa. Kwa Fuller, mtawala wa namna hiyo hakutunga sheria mbaya. Hakutunga sheria kabisa. Algoriti ya utafutaji hukwama katika masharti hayo takriban yote, na watetezi wake wana jibu moja lililo tayari: kanuni zikitangazwa zitachezewa.

Jibu hilo ni la kweli kwa nusu, na nusu iliyobaki hudhihirika katika mabadiliko ambayo Google iliyatangaza mapema bila kuogopa. Mwezi Februari 2015 ilisema kwamba kuanzia tarehe 21 Aprili kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu zingependelewa katika utafutaji wa simu. Miezi michache kabla, Agosti 2014, ilikuwa imetangaza wazi kwamba muunganisho salama wa HTTPS ungehesabiwa. Vipimo vya wepesi na utulivu wa ukurasa vilitangazwa mwaka 2020, vikaanza kutumika mwaka 2021. Si rahisi kuvichezea, kwa sababu anayehangaika kuonekana mwepesi mbele ya kipimo cha wepesi hana njia rahisi kuliko kuufanya ukurasa wake uwe mwepesi kweli. Pale kipimo na kinachopimwa ni kitu kimoja, siri haina kazi. Siri huhitajika pale vinapoachana: kuaminika si wingi wa viungo, ujuzi si urefu wa makala, na mwenye kupanga nyanya nzuri juu ya fungu hajazifanya nzuri zilizo chini. Kwa hiyo ukubwa wa siri ya algoriti ni kipimo kizuri cha umbali uliopo kati ya kile inachokisoma na kile inachodai kukijua.

Ipo pia tofauti ya kiutaratibu ambayo haizungumzwi vya kutosha. Tovuti iliyoadhibiwa kwa mkono, yaani na mtumishi wa Google aliyeikagua, hupewa taarifa na inaweza kuomba ifikiriwe upya. Tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW iliondolewa mwanzoni mwa mwaka 2006 kwa kutumia kurasa za hila zilizotengenezwa kwa ajili ya injini, ikarudishwa baada ya siku chache tu. Aliyeshuka kwa sasisho la algoriti hana shtaka, hana hakimu, hana rufaa. Huambiwa aiboreshe tovuti yake na asubiri. Na sharti la Fuller la kanuni kutumika kama ilivyotangazwa lilifika Ulaya kwa sura nzito: Juni 2017 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.42, ikieleza kwamba huduma za washindani za kulinganisha bei zilishushwa na algoriti huku huduma ya Google yenyewe ikiwekwa mahali pa juu bila kupitia algoriti hizo hizo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliidhinisha uamuzi huo Septemba 2024. Mwezi mmoja kabla, jaji wa Marekani Amit Mehta alikuwa ameamua kwamba Google imedumisha ukiritimba kinyume cha sheria, akiikadiria sehemu yake katika utafutaji wa jumla nchini humo kuwa asilimia 89.2, na 94.9 kwenye simu. Maoni ya mtu mmoja kati ya wengi ni maoni. Maoni ya anayesikilizwa kwa kiwango hicho yanakaribia kuwa amri.

Agosti 2022 mjadala uliingia mahali ambapo mashine haikuwahi kuingia waziwazi. Sasisho la maudhui yenye manufaa lilitaka kutofautisha makala zilizoandikwa kwanza kwa ajili ya watu na zile zilizoandikwa kwa ajili ya kupanda kwenye injini. Hilo ni swali la nia. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliunganisha katika sehemu moja ya kitabu chake cha Ihya kupenda cheo na riya, yaani kutenda wema ili kuonekana na watu, kwa kuwa aliona la pili huzaliwa na la kwanza, na alionya kwamba riya huweza kufichika hata kwa mwenyewe anayeitenda. Swala ya mnafiki na ya mcha Mungu zina rakaa zile zile. Immanuel Kant naye, mwaka 1785, alitoa mfano wa mwenye duka asiyempunja mteja kwa kuwa uaminifu unamlipa: tendo linaafikiana na wajibu, lakini halikutoka kwenye wajibu. Wote wawili walikubali kwamba jicho la nje haliwezi kuhukumu jambo hilo kwa uhakika.

Mashine ilijaribu. Ilichoweza kusoma si nia bali nyayo za nia: tovuti inayorukia mada zisizohusiana, kichwa kinachoahidi jibu ambalo halipo, makala zilizorefushwa bila sababu. Nyayo hizo huachwa pia na watu wanyofu, kwa sababu miaka ishirini ya SEO ilikuwa imewafundisha kuandika hivyo. Mwandishi wa mapishi aliyeweka aya kumi kabla ya orodha ya viungo vya chakula alifanya alichoambiwa kuwa kinapendwa. Masahihisho ya Septemba 2023 yalishusha tovuti nyingi ndogo zinazojitegemea, na baadhi ya wamiliki wake walikuwa watu wenye uzoefu halisi wa waliyoyaandika. Machi 2024 mfumo huo uliyeyushwa ndani ya algoriti kuu, pamoja na sera mpya dhidi ya makala zinazofyatuliwa kwa wingi, wakati ambapo programu za akili unde zilikuwa zimeifanya kazi hiyo kuwa ya bei ya bure. Tangu Desemba 2022 mwongozo wa watathmini ulikuwa umeongeza uzoefu kwenye orodha ya sifa njema za ukurasa, juu ya utaalamu, mamlaka na kuaminika. Matokeo yalitabirika: washauri wa SEO wakaanza kuwahimiza wateja wao kuweka wasifu wa mwandishi na masimulizi ya kwamba kitu kilijaribiwa kwa mikono. Mashine ilipouliza nia, ilipewa riya iliyopambwa zaidi.

Kwa lugha zenye maandishi machache mtandaoni, Kiswahili kikiwemo, swali la ubora huja na utata wa ziada. Panda ilianza kwa Kiingereza nchini Marekani, ikaenea kwa Kiingereza duniani mwezi Aprili 2011, na Agosti mwaka huo ikapelekwa kwenye lugha nyingine nyingi. Hukumu iliyojengwa juu ya majibu ya wasomaji wa mahali pamoja ilisafiri hadi kurasa ambazo wasomaji hao wasingeweza kuzisoma. Mfumo wa viungo nao unahitaji mashahidi wengi ili uongo wa mmoja umezwe na ukweli wa wengine. Mazungumzo mengi ya Kiswahili hufanyika ndani ya makundi ya WhatsApp, ambamo injini haioni, na magazeti huripotiana bila kuunganishana. Ushahidi ukiwa haba, injini huegemea majina makubwa machache, na ukurasa uliotafsiriwa na mashine unaweza kukaa juu kwa kukosa mpinzani. Hapo sasisho haliondoi kibaya ili kuweka kizuri. Mara nyingine hakuna kilichobaki cha kuweka. Katika hali hiyo hata Muutazila angekwama: ubora upo, lakini hakuna aliyeuandika ili uonekane.

Tangu Mei 2024, kuanzia Marekani, Google imeanza kuweka juu ya orodha muhtasari unaotungwa na akili unde kutokana na kurasa kadhaa kwa pamoja, viungo vya vyanzo vikiwekwa kando au chini yake. Kwa baadhi ya maswali msomaji hana tena haja ya kuchagua kati ya mashahidi kumi. Hupewa hukumu iliyokwisha kuandikwa. Mabishano yote yaliyotangulia yalidhani kwamba kuna orodha, na kwamba anayelalamika anaweza kusema nilikuwa hapa, sasa niko pale. Ukurasa ambao maneno yake yamechanganywa na ya wengine ndani ya jibu moja unaweza kubaki wa kwanza katika orodha iliyo chini yake na bado ukakosa wageni. Cheo chake hakijashuka, kwa hiyo hata swali la kama umedhulumiwa haliwezi tena kuulizwa kwa kuhesabu nafasi.